Chuki, Karaha na Bughudha

Mtu akiyapanga maneno ya Kiswahili yatajayo hisia, ataona kuwa mengi yana asili ya Kiarabu: furaha, huzuni, hofu, hasira (ingawa hasira yenyewe, kwa Waarabu, ni majuto). Kwa sababu hiyo wapo wasemao kwamba Mswahili aliazima hata moyo wake. Hoja hiyo haina nguvu. Kupenda na kuchukia ni maneno ya Kibantu, na chuki ina ukoo wake kamili: chukia, chukiana, chukiza, chukizo.

Wageni walipofika hawakumpokonya mwenyeji kiti. Karaha yatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kutopenda, ambalo pia limetupa makuruhi, yaani tendo lisilopendeza katika sheria ya Kiislamu ingawa si haramu. Kwetu karaha imeelekea kwenye kinyaa, jambo la kumkunja mtu uso.

Bughudha ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Kwa Waarabu ni chuki kali ikaayo moyoni. Maana hiyo ingaliko katika ushairi wetu, lakini katika mazungumzo neno limetoka nje ya moyo likawa tendo. Asemaye, "Niacheni nisome bila kubughudhiwa," alalamikia usumbufu tu.

Basi mwanafunzi aandikaye bughudha katika insha, akidhani ni chuki iliyovikwa kilemba, hupoteza tofauti yenye manufaa. Jirani aweza kukuchukia miaka yote asikubughudhi hata siku moja. Na mtoto umpendaye aweza kukubughudhi tangu asubuhi hadi jioni.