Mashindano ya Dunia ya Mpira wa Meza

Michuano mikuu ya mpira wa meza, iliyoanza London mwaka 1926, ambako Roland Jacobi wa Hungaria alitwaa taji la wanaume. Mwaka 1936 mjini Praha, Alojzy Ehrlich wa Poland na Farkas Paneth wa Romania waligombea pointi moja kwa zaidi ya saa mbili, wakirudishiana mpira bila kushambulia. Baadaye kanuni za muda zilikazwa. Mapinduzi makubwa zaidi yalitokea Bombay mwaka 1952: Hiroji Satoh wa Japani alishinda kwa raketi ya sponji nene, iliyomeza mlio ambao wapinzani waliutegemea kukisia kasi ya mpira. Rong Guotuan aliipatia China ubingwa wake wa kwanza mwaka 1959. Barani Afrika mashindano haya yamefanyika Cairo (1939) na Durban (2023).