Kope zinazowasha na kushikana asubuhi: uvimbe wa kope au ugonjwa mwingine wa macho?

Taarifa hii ni kwa wakimbizi na wenyeji wa Arua, Koboko na makazi ya Lobule, Imvepi na Rhino Camp.

Wakati wa kiangazi, vumbi la barabarani na moshi wa kuni huwafanya watu wengi wawe na macho mekundu. Lakini si kila jicho jekundu lina ugonjwa mmoja, na dawa iliyomsaidia jirani inaweza kukuharibia jicho. Kwanza angalia ni sehemu gani hasa inayouma.

Katika uvimbe wa kope, ambao wahudumu wa afya huuita blefaritisi, shida iko kwenye ukingo wa kope, pale nywele zinapoota. Ukingo huwa mwekundu na mnene kidogo. Utaona magamba madogo kama mba kwenye mashina ya nywele, na asubuhi kope zimeshikana. Macho huwasha na kuchoma kama yameingia mchanga, kwa kawaida yote mawili. Kuona hubaki kuzuri. Ukungu kidogo ukija, huondoka ukipepesa macho. Hauambukizi. Huweza kudumu miezi, ukapoa na kurudi, kwa hiyo usidhani dawa imeshindwa.

Chokea ni tofauti: ni kijipu kimoja chenye maumivu kwenye kope, na mara nyingi hupona chenyewe kwa kukandwa na maji ya uvuguvugu. Usikikamue.

Macho mekundu ya kuambukiza, kama yale yaliyoenea Tanzania na Uganda mwanzoni mwa 2024, huanza ghafla. Sehemu nyeupe ya jicho ndiyo inayokuwa nyekundu, machozi au tongotongo hutoka kwa wingi, na baada ya siku chache watu wengine nyumbani nao huugua. Nawa mikono kwa sabuni, na usitumie taulo moja na wengine.

Mtoto anayejikuna macho kila siku kwa miezi mingi huenda ana mzio. Hapa tunaomba wazazi wawe makini. Baadhi ya matone yanayouzwa madukani yana steroidi. Hutuliza haraka, na ndiyo sababu watu huyapenda, lakini yakitumiwa muda mrefu bila kupimwa huleta presha ya macho, ambayo huiba uwezo wa kuona kimyakimya.

Vikope, yaani trakoma, bado vipo Sudan Kusini, walikotoka wengi wetu. Mtu aliyeugua mara nyingi utotoni anaweza kuja kuota kope zinazoelekea ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Wengi huzing'oa kwa kibano, na zikiota tena huchoma zaidi. Mtu huyo anahitaji kuonwa na mhudumu wa macho, kwani upasuaji mdogo wa kope unaweza kuokoa jicho.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa jicho lenyewe lina maumivu makali, mwanga unaliumiza, uwezo wa kuona umepungua, kuna doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au jicho limepigwa au kuchomwa na kitu. Vivyo hivyo kope ikivimba pamoja na homa. Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja mwenye usaha machoni asisubiri hata usiku upite.

Kama dalili ni za uvimbe wa kope tu, chemsha maji, yaache yawe ya uvuguvugu, chovya kitambaa safi na ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Kisha sugua ukingo wa kope taratibu hadi magamba yatoke. Kila jicho na kitambaa chake. Usipopata nafuu baada ya wiki mbili, nenda kituoni. Unaweza kupewa marhamu ya tetrasaiklini. Usitie machoni mkojo, maziwa ya mama, chai wala majani yaliyotwangwa. Tumeshaona macho yaliyokuwa yanawasha tu yakiishia na vidonda.

Matibabu katika vituo vya serikali ni bure kwa wakimbizi kama kwa wenyeji. Anza na VHT wa kijiji chako au kituo kilicho karibu. Wakiona haja watakupa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua. Beba barua ya rufaa, kitambulisho chako cha ukimbizi na dawa zote ulizotumia, hata chupa tupu, ili mhudumu ajue ulichokwisha kutia machoni.