Mashine Inayosikiliza Huku Ikisema: Historia ya Ripita za Redio ya Ridhaa

Ripita ni kituo cha redio kinachopokea sauti kwenye masafa mamoja na kuirusha papo hapo kwenye masafa mengine, kwa nguvu kubwa zaidi. Huwekwa mahali pa juu: kileleni mwa mlima, juu ya paa la ghorofa au kwenye mnara. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hayazunguki mlima, hivyo redio ya mkononi ya wati 5 iliyo bondeni huenda isisikike ng'ambo ya kilima cha kwanza. Ikipitia ripita, sauti hiyo hiyo hufika mji wa pili.

Wenye ripita zinazozungumziwa hapa ni wanaredio wa ridhaa, yaani watu waliofanya mtihani, wakapewa leseni na alama ya kituo, na ambao hawaruhusiwi kuyafanya mawasiliano yao kuwa biashara. Wao ndio huchangishana fedha, hujenga mtambo, huubeba hadi kileleni na kuurudia kila unapoharibika. Kazi hiyo ilianzia Marekani, na sehemu kubwa ya ufundi wake ilizaliwa huko.

Kupokezana kabla ya mashine

Wazo la kupokezana ujumbe ni la zamani kuliko ripita. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim, mhandisi wa mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, alisikia kwamba vali ya aina ya Audion inauzwa Springfield, mji ulio umbali wa kilomita 40 hivi. Kituo chake hakikuweza kufika huko. Alimwomba mwenzake wa Windsor Locks, mji ulio katikati ya safari hiyo, aupokee ujumbe na kuufikisha. Ujumbe ukafika. Mwaka huo huo Maxim na wenzake waliunda chama kilichobeba neno la kupokezana katika jina lake, American Radio Relay League, ambacho hadi leo ndicho chama kikuu cha wanaredio wa ridhaa nchini humo.

Kupokezana kwa namna hiyo kulihitaji mtu katika kila kituo. Alisikiliza mlio wa Morse, akaandika, kisha akapiga upya maneno yale yale kwa mkono. Ili mashine ichukue nafasi ya mtu huyo, ilibidi iweze kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Binadamu hana haja ya hilo, na ndilo lililowatesa mafundi kwa miaka mingi.

Magari ya polisi na vyuma chakavu

Kuenea kwa ripita za sauti kulitegemea kwanza mtindo wa FM, ambao Edwin Howard Armstrong alipewa hataza zake mwaka 1933. Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walianza kutumia mtandao wa redio za FM za pande mbili uliobuniwa na Daniel Noble, mwalimu wa chuo kikuu cha jimbo hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, polisi, zimamoto na kampuni za teksi kote Marekani zilifunga redio za namna hiyo. Lilikuwa sanduku zito la chuma ndani ya buti la gari, lililojaa vali na kuunganishwa kwa kebo nene na maikrofoni iliyo mbele ya dereva.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Marekani iliagiza redio hizo zipunguze upana wa mawimbi, kutoka mtikisiko wa kilohezi 15 kila upande hadi kilohezi 5, ili vituo vingi zaidi vienee. Redio za zamani zilizotengenezwa na Motorola, General Electric na RCA zikatolewa magarini kwa maelfu na kuuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Wanaredio wa ridhaa walizinunua.

Kuifanya redio ya polisi ifae kwa masafa ya mita 2, bendi ya wanaredio wa ridhaa iliyo karibu na megahezi 146, kulianza na kristali. Kila masafa yalihitaji kristali yake iliyokatwa kwa oda maalumu. Katika transmita nyingi za vali, masafa ya kristali yaliongezwa mara 24 kabla ya kufika kwenye antena: kwa masafa ya megahezi 146.94, kristali ilikuwa ya megahezi 6.1225. Kosa dogo la hezi 100 kwenye kristali liligeuka hezi 2,400 angani, na sauti ikasikika imekwaruza. Kwa sababu hiyo kristali iliwekwa ndani ya tanuri dogo la umeme, lisilozidi kidole gumba, ili joto lake lisibadilike mchana wala usiku. Baada ya kristali fundi alizungusha koili moja baada ya nyingine kwa bisibisi ya plastiki, macho yakiwa kwenye mshale wa mita, kisha akabadilisha mfumo wa umeme ili mtambo utumie umeme wa ukutani badala ya betri ya gari.

Masafa ya 146.94 yakawa mahali pa kukutania karibu nchi nzima. Ripita zilipoenea, jozi ya 146.34 ya kuingilia na 146.94 ya kutokea ilijulikana kwa jina fupi la "34/94", na kila fundi aliifahamu.

Ripita za kwanza

Miongoni mwa waanzilishi, jina linalotajwa mara nyingi ni la Art Gentry, mwenye alama W6MEP, wa eneo la Los Angeles. Ripita yake K6MYK ilifanya kazi katika miaka ya 1950 kwa mtindo wa AM, kabla FM haijatawala. California ilifaa sana kwa jambo hili, kwa kuwa ina miji mikubwa iliyozungukwa na milima yenye barabara hadi kileleni.

Angani nako jaribio lilikwishafanyika. Machi 1965 satelaiti ya OSCAR III, iliyojengwa na wanaredio wa ridhaa, ilirushwa ikiwa na mtambo wa kupokea na kurudisha mawimbi ya mita 2. Kwa muda wa wiki mbili na zaidi watu wa mabara tofauti waliongea kwa kupitia chombo kilichokuwa kikizunguka dunia.

Duniani ripita zilienea kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1960. Jarida la 73 la Wayne Green lilizipigia debe kwa nguvu, likichapisha michoro ya mitambo na orodha za vituo. Serikali ilichelewa kidogo. Mwaka 1972 ndipo Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipotoa kanuni maalumu za ripita za ridhaa, zilizozaa leseni zenye alama zinazoanza na herufi WR. Watu wa kujitolea nao waliunda kamati za kugawa masafa, ili ripita mbili zisigongane. Mwaka huo huo Uingereza ilipata ripita yake ya kwanza, GB3PI ya Cambridge. Katika Ukanda wa Kwanza wa kimataifa, ambamo Ulaya na Afrika zimo, Kenya na Tanzania zikiwa ndani yake, bendi ya mita 2 huishia megahezi 146, hivyo masafa ya ripita hupangwa chini kidogo. Tofauti ya kilohezi 600 kati ya kuingia na kutoka imebaki ile ile.

Sikio karibu na mdomo

Kilohezi 600 ni pengo dogo mno. Transmita ya wati 50 hupiga kelele kwenye antena ile ile ambayo risiva inasikilizia mnong'ono wa sehemu ya tatu ya mikrovolti. Ukilinganisha nguvu hizo mbili, moja ni kubwa kuliko nyingine kwa mara trilioni 20,000 hivi. Risiva isipokingwa huzibwa masikio na transmita ya nyumbani kwake. Mafundi huuita ugonjwa huu uziwi wa risiva, na ni ugonjwa wa ripita zote.

Dawa ya kwanza ilikuwa kutenganisha. Risiva iliwekwa kilima kimoja na transmita kilima kingine, zikaunganishwa kwa laini ya simu au kwa redio ya UHF. Wengine walitumia mnara mmoja wenye antena mbili, moja juu kabisa na nyingine chini. Njia hizi zilifanya kazi, lakini ziliongeza gharama na vitu vya kuharibika.

Dawa ya kudumu ilikuwa duplekisa, seti ya mitungi ya chuma, mara nyingi minne au sita, inayoruhusu transmita na risiva kutumia antena moja. Ndani ya kila mtungi mna fimbo ya shaba yenye urefu wa robo ya wimbi, ambayo kwa megahezi 146 ni kama sentimita 51. Mtungi hupitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine. Mitungi ya upande wa risiva huzuia kishindo cha transmita, na ya upande wa transmita husafisha mvumo wake ili usimwagike kwenye masafa ya kusikilizia. Zuio linalotakiwa ni la desibeli 80 au zaidi, yaani nguvu hupunguzwa mara milioni 100.

Duplekisa za kiwandani zilikuwa ghali, hivyo wengi walijitengenezea kwa mabomba mapana ya shaba, wakafunga vifuniko kwa kulehemu na kupaka fedha sehemu za ndani ili umeme upite kirahisi. Fimbo ya kurekebishia ilitengenezwa kwa inva, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao hautanuki sana kwa joto, uliogunduliwa na Charles Édouard Guillaume mwaka 1896. Bila inva, duplekisa iliyorekebishwa mchana wa jua ilikuwa imepotoka usiku wa baridi. Hata leo kuirekebisha ni kazi ya utulivu: fimbo husogezwa chini ya milimita moja, mita husomwa, skrubu hukazwa, kisha mita husomwa tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaweza kuisogeza.

Ubongo wa ripita

Ripita za mwanzo ziliendeshwa na rilei chache. Sauti ilipoingia, skwelchi, yaani swichi inayonyamazisha mvumo wa risiva, ilifunguka, rilei ikavuta, transmita ikawaka. Sauti ilipokatika, transmita ilibaki hewani kwa sekunde moja au mbili, kipindi ambacho wanaredio hukiita mkia. Saa ya kukatia, kwa kawaida ya dakika 3, ilimzuia mtu mmoja kushikilia kituo. Gurudumu lenye meno lilitoa alama ya kituo kwa Morse.

Kuzuia ripita isiamshwe na kelele zisizo na mwenyewe, Ulaya ilichukua mlio mfupi wa hezi 1,750 mwanzoni mwa kila mazungumzo. Marekani ilielekea kwenye mlio wa chini unaoendelea wakati wote wa kuongea, kati ya hezi 67 na 254.1, ambao Motorola waliuuza kwa jina la Private Line. Vibonyezo vya simu vya Touch-Tone, vilivyotoka mwaka 1963, viliwawezesha wanaredio kupiga simu wakiwa garini kwa kupitia ripita, miaka mingi kabla ya simu za mkononi. Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo zilichukua nafasi ya rilei, na ripita ikaanza kutaja saa na kusema jina lake kwa sauti.

Kutafuta ubovu

Ripita huzeeka mahali pagumu. Radi huipiga, barafu huvunja antena, maji huingia kwenye kebo kwa tundu dogo la msumari, na kapasita za elektroliti hukauka. Fundi wake alijijengea utaratibu, kwa sababu kurudi mlimani kuchukua kifaa kilichosahauliwa ni kupoteza siku nzima.

Kwanza hupimwa nguvu. Mita ya Bird 43, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, ina kidude cha duara chenye mshale kinachogeuzwa kwa vidole. Mshale ukielekea antena, mita husoma nguvu inayokwenda. Ukigeuzwa, husoma inayorudi. Inayorudi ikiwa nyingi, kosa liko kwenye kebo, konekta au antena.

Kisha hupimwa uziwi. Mawimbi hafifu huingizwa kwenye risiva, transmita ikiwa imezimwa, hadi sauti isikike kwa shida ndani ya mvumo. Transmita huwashwa. Sauti ikizama, kuna kinachovuja. Hapo antena huondolewa na mahali pake huwekwa mzigo bandia unaomeza nguvu yote. Uziwi ukitoweka, mkosaji yuko nje: kiungo kilicholegea, au kutu kati ya vyuma viwili vya mnara, ambayo hufanya kazi kama daiodi mbovu na kuzaa kelele. Uziwi ukibaki, mkosaji yumo ndani ya kabati, kwenye mitungi iliyopotoka au kebo fupi yenye wavu mmoja unaovuja. Ndiyo maana mafundi hutumia kebo zenye wavu mara mbili na konekta za aina ya N.

Penye minara mingi huongezeka mchanganyiko wa mawimbi. Transmita ya 146.94 ikikutana na jirani wa 147.54 kwenye kiungo kibovu, mara mbili ya masafa ya kwanza ukitoa ya pili ni 146.34, yaani masafa yale yale ya kuingilia. Ripita itajisikia yenyewe na kushindwa kunyamaza. Ubovu wa namna hii hutafutwa kwa kalamu na karatasi kabla ya bisibisi.

Intaneti na dijitali

Mwaka 1997 Dave Cameron wa Vancouver, Kanada, alianzisha IRLP, mfumo wa kuunganisha ripita za mbali kwa intaneti. EchoLink ikafuata mwaka 2002. Mtu mwenye redio ya mkononi akaweza kuongea na bara jingine kupitia mnara wa mtaani kwake. Japani ilileta mfumo wa dijitali wa D-STAR uliobuniwa chini ya chama cha wanaredio wa nchi hiyo, na Ulaya ikaleta DMR, uliowekewa kiwango mwaka 2005. Simu za mkononi zilimaliza haja ya kupiga simu kwa ripita, na vituo vingi vikakaa kimya siku za kawaida. Lakini mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipobomoa mawasiliano ya kusini mwa Marekani, wanaredio wa ridhaa walibeba ujumbe wa uokoaji mahali ambapo simu zilikufa.

Vyuma vya zamani navyo havijastaafu. Micor ya Motorola na MASTR II ya General Electric, redio za polisi na zimamoto za miaka ya 1970, bado zinafanya kazi katika ripita nyingi kwa sababu risiva zake ni imara na kila sehemu yake hutengenezeka. Siku hizi pembeni yake hufungwa kompyuta ya ukubwa wa kiganja, na kabati la enzi ya kristali hupeleka sauti ya dijitali. Chini yake imesimama mitungi ile ile ya robo ya wimbi, na kilohezi 600 bado zinatenganisha sikio na mdomo.