Mche wa mwembe ukinyauka, usikimbilie ndoo ya maji

Mvua zinapoanza Kigoma na Ujiji, wengi hupanda miembe ya kivuli uani na kando ya barabara. Mche ukinyauka, huongezewa maji. Wakati mwingine maji hayo ndiyo yanayouua.

Kwanza, chomeka kidole kwenye udongo karibu na mche. Ukiwa mkavu, mche una kiu. Ukiwa umelowa huku majani yamelegea, huenda mizizi inaoza. Udongo uliojaa maji hukosa hewa, na kuvu hushambulia mizizi. Fukua kidogo: mizizi iliyooza huwa laini na ya kahawia au myeusi, na ganda lake huvuka kirahisi. Acha kumwagilia, chimba mfereji wa kutoa maji, na uondoe udongo uliofunika shina.

Madoa meusi kwenye majani machanga wakati wa mvua ni dalili ya chule. Unga mweupe ni ubwiri unga. Kata sehemu zilizougua uzichome mbali na mti.

Unapopanda, usifukie shina kupita usawa lilipokuwa kwenye kiriba. Kama mche umebebeshwa, kiungio kibaki juu ya udongo. Tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, mwagilia udongo ukikauka tu.

Mche uliokufa kwa kuoza mizizi ung'oe, na usipande mwembe mwingine kwenye shimo hilohilo. Mwonyeshe afisa ugani mizizi hiyo kabla hujanunua dawa.