Kasuku wa Naivasha
Ukiingia Hell's Gate utauona mwamba mrefu unaoitwa Fischer's Tower. Gustav Fischer, daktari Mjerumani, alipita huku mwaka 1883. Miaka minne baadaye Mjerumani mwenzake, Anton Reichenow, akakipa kasuku kadogo ka kijani jina lake: Agapornis fischeri. Ni ndege wa kaskazini mwa Tanzania, si wa Naivasha. Mwaka uo huo Reichenow akaandikisha wa pili, Agapornis personatus, mwenye kichwa cheusi na shingo ya njano, naye pia Mtanzania. Kwao porini, kila mmoja ana upande wake.

Halafu ikaja biashara ya vizimba. Kenya wengine walitoroka ama wakaachiliwa, na Naivasha wakaoana. Watoto wao wanazaa vizuri tu.

Nimesikia watu wakiwaita feki. Feki kivipi? Eti kwa sababu hakuna aliyewaandikisha? Wale wa fischeri wenyewe, wenye jina safi, walinaswa kwa maelfu miaka ya 1980 wakauzwa ng'ambo. Hawa wasio na jina wako tu kwenye migunga ya ziwani, wanapiga kelele, wanataga kwenye mashimo ya miti.