Mkataba wa mitambo ya kura ndio huamua nani atajibu maswali

USIKU wa Novemba 3, 2020, matokeo ya uchaguzi wa urais wa Marekani yalipoanza kutangazwa, kaunti ndogo ya Antrim katika jimbo la Michigan iliwashangaza hata wakazi wake. Ngome hiyo ya chama cha Republican ilionyesha kwamba Joe Biden wa Democratic alikuwa akiongoza kwa zaidi ya kura 3,000.

Kufikia siku iliyofuata, ilikuwa imebainika kwamba takwimu hizo zilikuwa na kasoro. Baada ya kusahihishwa, Donald Trump ndiye aliyeshinda katika kaunti hiyo kwa takriban kura 3,800. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kwa miezi mingi baadaye, jina la Antrim lilitumiwa kote nchini humo kama ushahidi kwamba mashine za kura zilikuwa zimeibia wananchi.

Ukweli ulikuwa tofauti, na chanzo chake kilikuwa katika jambo ambalo wapigakura hawalifikirii kamwe: jinsi afisi ya uchaguzi ya mashinani inavyogawana kazi na kampuni iliyopewa kandarasi ya kuisaidia kiteknolojia.

Kila kaunti na lwake

Marekani haina tume moja ya kitaifa inayoendesha uchaguzi kama ilivyo hapa Kenya. Kazi hiyo huachiwa serikali za mashinani, zikiwemo kaunti, miji na vitongoji, chini ya sheria za jimbo. Katika majimbo mengi, karani au msajili wa kaunti ndiye husimamia upigaji kura, nayo bodi ya kaunti, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi, hupitisha bajeti na kutia saini mikataba.

Utaratibu wa ununuzi hutofautiana. Jimbo la Georgia lilinunua mfumo mmoja kwa kaunti zake zote 159 mnamo 2019. Michigan nayo iliidhinisha kampuni tatu mnamo 2017 kwa mikataba ya miaka 10, kisha ikaziachia kaunti kuchagua mojawapo. Kwingineko, kaunti hutangaza zabuni zenyewe, mradi tu mitambo iwe imeidhinishwa na jimbo.

Kaunti kubwa huwa na wataalamu wake wa tarakilishi. Kaunti ndogo huweza kuwa na karani na wasaidizi wachache tu, ambao pia husajili vizazi, ndoa na hati za ardhi. Hizo ndizo hutegemea sana wanakandarasi.

Pesa za mwaka 2002

Soko hili lilipanuka baada ya uchaguzi wa 2000, ambapo George W. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo la Florida kwa kura 537 pekee baada ya wiki kadhaa za kubishania kadi za kura zilizotobolewa vibaya. Mnamo 2002, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyotenga zaidi ya dola bilioni 3 kusaidia majimbo kuachana na mitambo ya kale. Sheria hiyo pia ilidai kila kituo kiwe na angalau kifaa kimoja ambacho mtu mwenye ulemavu anaweza kukitumia kupiga kura kwa siri bila kusaidiwa.

Pesa hizo zilitolewa kwa mkupuo, ilhali mashine huzeeka. Kwa hivyo mzigo wa matengenezo ukarudi kwa kaunti. Wauzaji nao walipungua kadiri kampuni zilivyonunuana, hadi soko likatawaliwa na tatu: ES&S ya Omaha, Hart InterCivic ya Austin, na Dominion, ambayo iliuzwa mnamo Oktoba 2025 na kupewa jina la Liberty Vote. Mnunuzi mwenye wauzaji watatu pekee hana nafasi kubwa ya kuvutana kuhusu masharti.

Kinachonunuliwa hasa

Wengi hudhani kaunti ikishanunua mashine imemaliza. La hasha. Bei ya mashine ni mwanzo tu. Kandarasi kamili hugusa mambo haya:

Kwanza ni leseni ya programu, ambayo hulipiwa kila mwaka. Kaunti inaweza kumiliki chuma na plastiki lakini ikawa mpangaji tu katika programu inayoviendesha.

Pili ni utayarishaji wa kura. Kila uchaguzi una wagombea wapya na mipaka tofauti, na mashine lazima ielezwe ni alama ipi katika karatasi inamhusu nani. Kaunti ndogo hulipa kampuni kufanya kazi hii.

Tatu ni matengenezo, vipuri na fundi wa kuwa karibu siku ya uchaguzi. Hapa swali ni moja: mashine ikikwama saa kumi na mbili asubuhi, fundi atafika baada ya dakika ngapi, na asipofika atatozwa nini?

Nne ni data. Itahifadhiwa wapi, nani ataruhusiwa kuiona, na mkataba ukiisha itarudishwa vipi?

Tano ni ukaguzi. Je, mahakama au wakaguzi wakitaka kufungua mitambo, kampuni inaweza kuwazuia kwa kudai hakimiliki?

Kadi ambazo hazikubadilishwa

Kasoro ya Antrim ilitokana na jambo la pili. Mnamo Oktoba 2020, baada ya mashine kuwa tayari zimeandaliwa, iligunduliwa kwamba karatasi za kura za baadhi ya vitongoji zilihitaji marekebisho. Kampuni ya humo jimboni iliyokuwa na kandarasi ilitayarisha data mpya. Hata hivyo, kadi za kumbukumbu hazikubadilishwa katika mashine zote.

Mashine vituoni zilihesabu kura za urais sawasawa na kuchapisha matokeo yake kwenye karatasi. Tatizo lilizuka matokeo yalipoingizwa katika tarakilishi kuu ya kaunti. Tarakilishi hiyo ilifuata mpangilio mpya, huku mashine nyingi zikifuata ule wa zamani, na kura za mgombea mmoja zikaandikwa katika safu ya mwingine.

Profesa Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyechunguza kisa hicho kwa niaba ya jimbo, alihitimisha mnamo Machi 2021 kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu, wala si udukuzi. Kura zenyewe, zilizokuwa za karatasi, zilihesabiwa upya kwa mkono mnamo Desemba 2020. Pengo kati ya wagombea hao wawili lilibadilika kwa kura 12 tu.

Data ya maafisa

Kaunti ya Los Angeles, yenye wakazi wapatao milioni 10, iliamua kutokuwa mateka wa soko. Ilibuni mfumo wake na kubaki mwenyewe, kisha mnamo 2018 ikaipa kampuni ya Smartmatic kandarasi ya takriban dola milioni 282 kuuunda na kuutekeleza.

Umiliki huo haukuondoa hatari zote. Kaunti hiyo ilikuwa na kandarasi nyingine na kampuni ya Konnech, ya programu ya kuratibu maafisa wa vituo. Programu hiyo haikuhesabu kura. Mkataba ulitaka data ya maafisa ihifadhiwe ndani ya Marekani. Mnamo Oktoba 2022, waendesha mashtaka walimkamata mkuu wa kampuni hiyo wakidai data ilikuwa imehifadhiwa Uchina. Mwezi uliofuata mashtaka yaliondolewa, na mnamo Januari 2024 kaunti ikakubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi iliyofuata.

Sharti lilikuwepo kwenye karatasi. Njia ya kulithibitisha mapema, bila kungoja polisi na mahakama, ndiyo iliyokosekana.

Siasa zikiingia mkatabani

Visa vingine viwili vinaonyesha gharama ya uamuzi wa pupa. Mnamo 2021, Seneti ya jimbo la Arizona ilichukua mashine za kaunti ya Maricopa na kuzikabidhi kwa kampuni binafsi ili zikaguliwe. Mashine hizo zilipotoka mikononi mwa maafisa wa kaunti, hakuna aliyeweza tena kuapa kwamba hazikuchezewa. Waziri wa jimbo, Katie Hobbs, alionya zisitumike tena. Kaunti ilidai takriban dola milioni 2.8 za kupata nyingine.

Katika kaunti ya Shasta, California, wajumbe wa bodi walipiga kura 3 kwa 2 mnamo Januari 2023 kusitisha mkataba na Dominion kabla ya muda wake kuisha. Hawakuwa na mfumo mwingine mkononi. Walio wengi walitaka kura zihesabiwe kwa mkono, ilhali sheria ya watu wenye ulemavu bado ilihitaji mashine. Kaunti ikalazimika kuajiri Hart InterCivic, na Oktoba mwaka huo sheria ya jimbo ikapunguza mno nafasi ya kuhesabu kwa mkono.

Funzo kwa Kenya

Kaunti 47 za Kenya hazinunui mitambo ya kura. Jukumu hilo ni la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Lakini maswali ni yale yale, na wakati mwingine hata kampuni ni ile ile: Smartmatic iliyohudumu Los Angeles ndiyo iliyopewa kandarasi ya teknolojia ya uchaguzi wa Kenya wa 2022.

Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba agizo lake la kuruhusu seva zikaguliwe halikuwa limetekelezwa kikamilifu. Na katika uamuzi wa Septemba 5, 2022, ingawa ilidumisha matokeo, mahakama hiyo ilipendekeza seva za fomu za matokeo zitengwe na zile za kazi za kawaida za tume, ili ziweze kukaguliwa bila kukiuka mikataba na kampuni nyingine.

Pendekezo hilo lina uzito mkubwa. Majaji walitambua kwamba mkataba uliotiwa saini miezi mingi kabla ya kura unaweza kuja kusimama kati ya mahakama na ukweli.

Antrim iliokolewa na karatasi zilizotunzwa vizuri, zilizoweza kuhesabiwa mbele ya watu wote. Kenya nayo ina Fomu 34A, inayojazwa na kutiwa saini kituoni. Hakuna kandarasi inayoweza kuchukua nafasi ya ushahidi wa aina hiyo. Lakini uchaguzi wa Agosti 2027 unapokaribia, wakati wa kuuliza nani anamiliki programu, data iko wapi na nani ataruhusiwa kuikagua ni kabla ya wino wa mkataba kukauka. Kuuliza baada ya matokeo kutangazwa ni kuchelewa.