Uchaguzi wa Mti wa Makaa Katika Historia ya Wagusii

Neno amakara la Ekegusii na neno makaa la Kiswahili ni neno moja lililopita njia mbili. Sauti iliyodumu kama r katika Ekegusii ilidondoka katika Kiswahili, kama ionekanavyo pia katika enchara na njaa. Ulinganifu huu wadhihirisha kwamba Wagusii hawakuliazima neno hilo kwa wafanyabiashara wa pwani wala kwa watawala wa kikoloni. Kwa hiyo dai kwamba makaa yaliingia Kisii na Nyamira pamoja na soko la mjini halina budi kutazamwa upya.

Ni kweli kwamba neno peke yake si ushahidi wa kutosha, maana hilo hilo hutaja kaa la moto lisaliapo mekoni. Ushahidi mzito zaidi ni omoturi, yaani mhunzi. Mpishi wa nyumbani alitosheka na kuni juu ya mafiga matatu, na kuni hazikuwa haba. Mhunzi hakutosheka. Kuni mbichi au nyepesi hupoteza joto jingi katika kukausha maji yake na kutoa moshi, ilhali chuma hakilainiki ila kwa moto mkali unaodumu chini ya mvukuto. Basi aliyelazimika kuchagua mti wa makaa ni yeye, na kanuni iliyomwongoza ni uzito: mti mzito uliokua polepole, kama vile mzeituni wa mwitu na baadhi ya migunga, hutoa kaa gumu lisilovunjika upesi. Omotembe, ambao mbao zake ni nyepesi mno, hutoa kaa la kupukutika.

Kanuni hiyo haikukanushwa na mtu. Ilishindwa na ardhi. Waingereza walipokwisha kuwatiisha Wagusii kwa vita vya 1905 na 1908, miti miwili ya Australia ilikuwa imekwisha kuletwa Kenya: mkaratusi, uliopandwa ili kulisha injini za reli ya Uganda, na muwati, uliotakiwa kwa gome lake la kutengenezea ngozi. Muwati ulikuwa na faida mbili. Gome liliuzwa, na gogo lililochunwa, likiwa na umri wa miaka kumi hivi au pungufu, lilitoa makaa mazuri. Inaelekea kwamba hapo ndipo makaa yalipoacha kuwa kazi ya mhunzi yakawa zao la mkulima.

Wataalamu kadhaa wa misitu wamemlaumu mkulima wa Gusii kwa kuupenda mkaratusi, hata karibu na chemchemi. Lawama hiyo ina ukweli kuhusu maji, lakini haimtendei haki mkulima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo dogo lililokwisha kugawanywa mara nyingi kati ya baba na wana. Mwenye kishamba cha namna hiyo hawezi kuungoja mzeituni ukomae kwa wajukuu wake. Mkaratusi hukatwa, kisiki kikachipua tena, na shina lake lililonyooka huuzwa kuwa nguzo au kuni za viwanda vya chai. Mabaki ndiyo yaendayo tanurini. Kwa maneno mengine, mti bora wa makaa umekuwa ule ambao makaa si faida yake ya kwanza!

Palipokosekana miti mizito, ilitafutwa ng'ambo ya mpaka. Makaa mengi yauzwayo mjini Kisii hutoka Trans Mara, ambako migunga ingalipo, na biashara hiyo imezongwa na marufuku za serikali, mojawapo ikiwa ile ya kuvuna miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023.

Gunia lifikapo sokoni, mti wenyewe hauonekani tena, na jina lake la Kimaasai halikusafiri nalo. Mnunuzi mzoefu hupima kaa mkononi, kisha huligonga kwa kaa jingine na kutega sikio: likilia kama chuma, hununua.